Tovuti ya Makufuli Matatu

Sanduku la mutualite yetu lina makufuli matatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mama mwenyekiti ana mmoja, mtunza sanduku, yaani mweka hazina, ana mwingine, na mimi katibu nina wa tatu. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, ambaye hana ufunguo wowote. Vikundi vingi hapa Bukavu hufanya hivyo, na hakuna anayeona ametukanwa. Kufuli halikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake. Linamlinda pia mtu mwaminifu, ili siku kitu kikikosekana asinyooshewe kidole akiwa peke yake.

Mutualite yetu ni ya familia za mtaa mmoja wa Kadutu. Tunasaidiana katika ugonjwa, ndoa na matanga. Kwa kuwa watoto wetu wengi wametawanyika nje ya nchi, tuliamua kuwa na tovuti ya kutangazia habari zetu. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilisoma mpaka sekondari tu, lakini nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala kwa miaka mingi, kwa hiyo kompyuta haikuwa ikinitisha.

Wazo la kulikata neno la siri la tovuti vipande vitatu, kama funguo za sanduku, lilikuwa langu. Hakuna aliyeniomba. Nililisema mkutanoni, watu wakapiga makofi, na mimi nikarudi nyumbani nimefurahi sana na akili yangu.

Siku ya kwanza tulikaa watatu mbele ya kompyuta yangu. Mimi niliandika kipande changu. Mama mwenyekiti, ambaye huuza vitenge sokoni, aliandika chake kwa kidole kimoja huku amefunika mkono kwa shali. Mtunza sanduku alikuwa fundi wa kushona, rafiki yangu tangu ujana. Yeye ndiye aliyenishonea koti la harusi. Ilipofika zamu yake alitutazama kwanza.

"Geuka muzuri, sekretere," aliniambia. "Jicho yako ya kuume iko inakuya huku."

"Niko naangalia ukuta."

"Sawa, uangalie sana. Pengine kwenye ukuta kunaandikwa kode yangu."

Mama mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa. Tovuti ilifunguka, na ikatutumikia vizuri kwa muda mrefu; vipande vile vilihitajika siku ya kuisimika tu, habari za kila siku niliziandika peke yangu.

Baadaye fundi alihama. Miguu yake ilikuwa imechoka na vilima vya Kadutu, na mke wake alikuwa akiugua mara kwa mara, basi wakarudi kwenye shamba la baba yake huko Nyantende. Aliendelea kuwa mtunza sanduku na kuja mikutanoni kwa pikipiki. Lakini kati yangu na yeye kulikuwa kumeshaingia neno. Kulitokea kifo mtaani, nami nikakitangaza kwenye tovuti asubuhi ileile. Binti wa marehemu, aliyekuwa Kanada, aliisoma habari ya baba yake kabla ndugu yake yeyote hajampigia simu. Fundi alisema mbele ya watu kwamba kifo kinapelekwa na mtu, hakipelekwi na mashine, na kwamba tovuti ingoje mpaka familia iwe imeambiwa. Mimi nilijibu kwamba habari ikichelewa msaada nao unachelewa. Watu walipiga kura, nikashinda. Leo najua alikuwa na haki. Wakati ule nilichokumbuka ni kwamba hakuipenda tovuti yangu.

Halafu kampuni inayotukodishia nafasi kwenye mtandao ikatuandikia kwamba inaifunga seva yake ya zamani. Kila mteja alipewa nafasi kwenye seva mpya, lakini alipaswa kusimika upya programu yake mwenyewe. Maandishi yetu yote nilikuwa nimeyahifadhi kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo sikuogopa.

Nieleze kidogo. Programu inayoendesha tovuti kama yetu haiweki maandishi ndani yake. Inayaweka kwenye ghala la pembeni linaloitwa hifadhidata. Kila mtu anapofungua ukurasa, programu inakwenda kubisha mlango wa ghala hilo ikiwa na vitu vinne mkononi: jina la ghala, jina la mtumiaji, neno la siri, na anwani ya seva ambako ghala linakaa. Kitu kimoja kikiwa na kosa, mlango haufunguki. Na programu haikwambii ni kipi. Inasema tu kwamba imeshindwa kuunganika na hifadhidata.

Niliwaita wenzangu wawili nyumbani kwangu mchana mmoja. Tulitengeneza hifadhidata mpya, kila mtu akaandika kipande chake kilekile cha zamani. Kisha nikafungua fomu ya usimikaji, nikajaza jina la ghala na jina la mtumiaji, na kila mmoja akaandika tena kipande chake. Nikabonyeza. Programu ikajibu kwamba imeshindwa kuunganika.

Tulirudia. Ikakataa. Tulirudia tena, mama mwenyekiti akitamka herufi zake kwa midomo bila sauti. Ikakataa. Umeme ukakatika, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa, basi fundi akachukua kofia yake ili afike Nyantende kabla njia haijawa matope.

Kesho yake nilimpigia simu.

"Kile kipande chako, unakumbuka vizuri?"

"Nakumbuka."

"Nisemee basi nijaribu peke yangu."

"Weye mwenyewe njo ulisema kode haisemwe mu telefone. Tuliandika hata mu sheria. Sasa unataka niseme?"

"Ni kwa faida ya wote."

"Ita mukutano, nitakuya."

Alikuwa anafuata sheria niliyoitunga mimi. Lakini mimi nilisikia mtu anayekataa. Jioni ile niliandika kwenye kundi letu la simu, ambako watoto wetu wote wa ng'ambo wanasoma, kwamba tovuti imefungika kwa sababu ufunguo mmoja kati ya tatu hauzunguki, na kwamba zile mbili nyingine tunazijua. Sikutaja mtu. Hakukuwa na haja. Hata mtoto angehesabu.

Maneno yalianza kutembea mtaani. Mmoja alikumbusha kwamba fundi hakuipenda tovuti tangu mwanzo. Mwingine alisema mtu akihama hata moyo wake unahama. Katika mkutano uliofuata, ambao fundi hakuja kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa, mtu mmoja alisoma sheria yetu: anayeharibu kufuli la mutualite anaondolewa, na harudi. Wakakubaliana kwamba kura ipigwe Jumapili inayofuata, yeye akiwepo.

Kwa msomaji wa mbali huenda jambo hilo linaonekana dogo. Hapa si dogo. Mtu aliyeondolewa kwenye mutualite, mgonjwa wake hashushwi hospitali na wenzake, na kwenye matanga yake hakuna anayeleta viti wala kuni. Na kila mtu anajua sababu. Fundi alikuwa na mke ambaye mara kwa mara alikuwa akibebwa kutoka kitandani. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika ule ujumbe. Siwezi kusema nilikuwa nimesahau.

Mama mwenyekiti ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Alikuja kwangu Ijumaa, akakaa bila kuvua shali.

"Sekretere, weye uko na uhakika?"

"Kipande chako ni kizuri, na changu ni kizuri. Kinabaki cha nani?"

"Sijue mambo ya mashini. Lakini kabla ya kumufukuza mutu, twende tumuone kwake. Hata kuku, kabla ya kuichinja, unaiangaliaka."

Jumamosi asubuhi tulikwenda Nyantende, yeye kwenye pikipiki moja na mimi kwenye nyingine, kompyuta nimeifunga kifuani chini ya koti. Mke wa fundi alikuwa ameketi uani juu ya mkeka akichambua maharagwe. Alikuwa amekonda. Alitutazama tukishuka, asisimame.

"Karibuni. Mulikuya kutusalimia ao kutufukuza?"

"Maman, tulikuya kuongea," mama mwenyekiti akasema.

"Basi mukae. Wa kufukuzwa wanapewaka pia viti?"

Fundi alitoka ndani na viti viwili. Alimwamkia mama mwenyekiti kwa mikono miwili. Mimi alinipa mmoja. Niliifungua kompyuta juu ya magoti yangu, nikaiunganisha na simu yangu ili nipate intaneti, nikaeleza kwamba tunataka kujaribu mara ya mwisho kabla ya kesho.

"Geukeni basi," nikasema kwa mazoea, nikimpa kompyuta.

Hakuipokea. "Hapana. Leo sitaficha. Andika weye mwenyewe, nitakutajia."

"Sheria inakataza," mama mwenyekiti alisema polepole.

"Sheria ilisha kunipita, maman. Andika, sekretere." Akataja jina la kijiji fulani na namba. Kisha akaongeza, bila kuulizwa: "Namba ni kipimo cha kiuno cha huyu maman, siku nilimushonea nguo ya ndoa."

Mke wake hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Hiyo kipimo haiko tena."

"Kode haibadirikake," fundi akamjibu.

Mama mwenyekiti akataja chake pia kwa sauti, ili asiwe nyuma. Nikaandika vyote vitatu, herufi kwa herufi, nikabonyeza. Programu ikajibu yale yale.

Naona aibu kuandika nilichosema. Nilisema, "Umekibadilisha."

Mke wake aliacha kuchambua. Mama mwenyekiti alinigeukia, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza, na ambalo mimi, kwa wiki nzima, sikujiuliza: "Hakuna namna ingine ya kujua kama kode iko muzuri? Kuingia kwa hiyo ghala bila kupitia kwa hiyo programu?"

Namna ipo. Nilikuwa nikiijua. Kwenye ukurasa wa kampuni ya seva kuna mlango wa kuingilia hifadhidata moja kwa moja, na unaomba jina la mtumiaji na neno la siri tu. Ukikukubalia, basi neno la siri ni sahihi, na kosa liko penginepo. Nilipokuwa na kibanda changu nilikuwa nikiwaambia wateja: kabla hujalaumu karatasi, jaribu nyingine kwenye mashine hiyohiyo. Hilo sikulifanya, kwa sababu sikuwa nikitafuta kosa. Nilikuwa nimeshalipata tangu siku ile ya simu, na lilikuwa na sura ya mtu.

Nilifungua mlango huo. Nikaandika jina la mtumiaji, kipande changu, cha mama mwenyekiti, cha fundi. Intaneti ilikuwa nzito. Gurudumu dogo lilizunguka, likazunguka, kisha ghala likafunguka mbele yetu, tupu na safi, likisubiri kujazwa.

Wote watatu waliona uso wangu kabla sijasema.

"Imekubali?" mama mwenyekiti akauliza.

"Imekubali."

"Na kode ni ileile?"

"Ni ileile. Tangu mwanzo ilikuwa nzuri."

Kuku alikuja mpaka kwenye mkeka, mke wa fundi akamfukuza kwa mkono.

"Basi kosa iko ya nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kujua bei.

"Ni yangu, maman."

"Ya gani? Ya mashini, ao ile ingine?"

"Zote mbili."

Ile ya mashine haikuchelewa kuonekana, kwa kuwa sasa nilikuwa natafuta kweli. Jina la mtumiaji lilikuwa limekubaliwa pamoja na neno la siri. Jina la ghala nililisoma juu ya ukurasa, likafanana. Kilibaki kitu cha nne, anwani ya seva. Fomu ya usimikaji huja ikiwa imeshajazwa neno moja mahali hapo, neno linalomaanisha kwamba ghala linakaa kwenye seva ileile na programu. Kwenye seva ya zamani ndivyo ilivyokuwa, nami nilikuwa nikiliacha kama lilivyo bila kulitazama. Nikaufungua tena ujumbe wa kampuni, nikausoma kwa Kifaransa chake chote. Walikuwa wameandika waziwazi kwamba sasa maghala yako kwenye seva ya peke yake, na anwani yake hii hapa. Nilikuwa nimeusoma ujumbe ule mpaka katikati, nikaona inatosha.

Niliandika anwani mpya, nikabonyeza. Programu ikaunganika, ikaniuliza tovuti itaitwaje. Nikaanza kurudisha maandishi yetu. Mama mwenyekiti alisema, "Mungu asifiwe," lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliye kanisani.

Nilimgeukia fundi. Nilimwambia kwamba nimemkosea, kwamba nilimdhania kwa sababu ya ule mzozo wetu wa zamani, na kwamba kesho nitasema hivyo mkutanoni.

"Mukutano iko sawa," alisema. "Lakini haukusemea mu mukutano. Uliandika mu telefone. Binti yangu iko Ubelgiji, alisoma. Aliniuliza: papa, uliiba nini? Nikamujibu nini, sekretere? Niliiba kode?"

Akainyooshea kompyuta kidole.

"Andika kule kwenye uliandika. Na kwa hiyo site yako pia, kwa vile sasa inafunguka. Andika hapa, nione."

Nikaandika hapohapo, kompyuta juu ya magoti. Niliandika kwamba kamati inapenda kuwajulisha wanachama kuwa tatizo la tovuti limetatuliwa, kwamba lilikuwa la kiufundi, na kwamba kamati inasikitika kwa dhana zilizojitokeza. Nikampa asome. Aliisogeza kompyuta mbali na macho, kwa sababu miwani yake ilikuwa ndani.

"Kamati gani?" akauliza. "Maman prezida, weye ulinidhania?"

"Miye niliogopa tu. Sikusema kitu."

"Na dhana zilijitokeza zenyewe, kama nyasi?"

Mke wake alicheka, mara moja, kisha akakohoa kwa muda mrefu, na fundi akaingia ndani kumletea maji. Aliporudi nilikuwa nimefuta yote. Niliandika kwamba mimi, katibu, nilikosea kujaza fomu, kwamba ufunguo wa mtunza sanduku ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza, kwamba nilimshutumu bila kupima, na kwamba nilifanya hivyo mbele ya watoto wake. Alisoma, akasema, "Njo vile," yaani ndivyo hasa. Nikaituma huku na kule akiwa anatazama. Lilikuwa tangazo la kwanza kwenye tovuti mpya, na mpaka leo lipo, chini kabisa ya mengine.

Jumapili kura haikupigwa. Mama mwenyekiti aliwaeleza watu, kisha akanipa nafasi, nami nikasimama nikasema. Mzee mmoja alipendekeza nitozwe dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, watu wakacheka na kukubali, kwa kuwa kicheko kiliwasaidia na wao pia. Wengi wao walikuwa tayari kunyoosha mkono siku ile. Fundi hakucheka. Alisimama, akauweka ufunguo wa sanduku mezani.

"Mu mutualite nabakia," alisema. "Bibi yangu ni mugonjwa, na nyinyi ni bandugu yangu. Lakini kazi ya kushika ufunguo, mutafute mwingine."

"Papa, ulisha kusafishwa," mtu alimwambia. "Juu ya nini unaacha?"

"Sikuacha juu ya uchafu. Nimechoka tu."

Walimbembeleza. Aliwasikiliza kwa adabu, akaketi. Kasiksi ilipoletwa alikunywa kikombe chake kama wengine, akasema imewekwa maji, na hilo lilikuwa kweli.

Msimu wa mvua mke wake alizidiwa. Wanachama walikwenda kumshusha hospitali, nami nikiwamo. Barabara ilikuwa mbaya, tukapokezana kumbeba mpaka mahali gari lilipoweza kufika. Alipona, akarudi kwenye shamba lake. Siku ile fundi alimshukuru kila mtu kwa zamu yake, akanishika mkono mimi pia, kwa mikono miwili.

Lakini zamani, akishuka mjini, alikuwa akipita kwangu kwanza. Hakuwa na shida yoyote. Alikaa tu, akaulizia habari za watoto, akanisema kwa suruali zangu za mtumba, akaenda. Sasa anashuka mjini, anafanya shughuli zake, anarudi. Nikimkuta sokoni tunasimama, tunaongea vizuri kabisa, kuhusu mvua, kuhusu maharagwe, kuhusu bei ya nyuzi. Simwulizi kwa nini hapiti. Anaponiaga huwa namtazama mpaka apande pikipiki, halafu naendelea na njia yangu.